Mbwa akinyonyoka manyoya, uliza kwanza kama anajikuna

Harufu ya gereji ndiyo iliyotangulia kufika. Nyuma yake akaja mama mmoja akikokota baiskeli, na kwenye keria, ndani ya tenga, alikuwamo mbwa jike mweusi anayeng'aa kama amechovywa kwenye lami. Popi si mbwa mweusi. Ni wa rangi ya majani makavu, kama mbwa wengi wa kienyeji huku kwetu Morogoro. Weusi ule ulikuwa oili chafu ya gari, aliyopakwa toka masikioni hadi ncha ya mkia, mara tatu ndani ya wiki mbili, kwa kuwa watu ambao mama huyu anawaheshimu walimwambia hiyo ndiyo dawa ya ukurutu.

Usiku kucha alikuwa ametapika. Miguu ya nyuma ilimtetemeka alipojaribu kusimama, na kila akipata nafasi aligeuza kichwa kujilamba ubavuni, akimeza tena kilekile kilichokuwa kinamuua. Tulimwosha kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, beseni baada ya beseni, mpaka maji yakaacha kutoka meusi. Mikono yangu ikiwa bado ndani ya povu, nilimuuliza mama swali ninalomuuliza kila anayeniletea mbwa mwenye vipara.

“Mama, kabla hamjampaka, alikuwa anajikuna?”

“Hapana, bwana mifugo. Hajikuni kabisa. Manyoya yalikuwa yanatoka tu, ukimpapasa yanabaki mkononi.”

“Na amezaa lini?”

“Watoto wanatimiza miezi miwili.”

Popi hakuwa na ukurutu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Majike wengi hupukutisha manyoya mwezi mmoja au miwili baada ya kuzaa, wengine hadi ubavu unabaki mwembamba kama kitambaa kilichochakaa, kisha manyoya hurudi yenyewe watoto wakishaachishwa na mama akila vizuri. Alichokuwa nacho kingeisha bila dawa. Kilichomfikisha kwenye tenga lile ni tiba.

Kwenye kazi hii ya mifugo nimeona jambo moja likijirudia: mbwa yeyote mwenye kipara anaitwa mwenye ukurutu, na mwenye ukurutu yeyote anapewa dawa ya aina moja. Nakumbuka tulivyokuwa tukitibu kila homa ya mtoto kama malaria, mpaka vipimo vya haraka vilipofika kwenye zahanati zetu na tukaona ni homa ngapi zilizokuwa na sababu nyingine. Kunyonyoka manyoya ni kama homa. Ni dalili. Nyuma yake kuna sababu nyingi zisizofanana hata kidogo, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa nyingine.

Kwa nini naanza na kujikuna? Kwa sababu manyoya hupotea kwa njia mbili. Ama mbwa mwenyewe anayang'oa na kuyakata kwa makucha na meno kwa sababu ngozi inamwasha, ama yanadondoka yenyewe kwa kuwa shina lake limeharibika au mwili umeacha kuyaotesha. Unywele wa mbwa hauoti mfululizo. Hukua, hupumzika, kisha hudondoka kupisha mwingine. Ukiona kipara, pitisha kidole pembeni yake. Manyoya yaliyokatwa na meno huchoma kidogo kama ndevu za juzi. Yaliyodondoka yenyewe huacha ngozi laini, na ukivuta kidogo yale ya jirani yanakuja na shina lake bila ubishi. Ni kipimo kisichogharimu chochote, nami huanza nacho kabla sijagusa chombo kingine.

Anayejikuna

Anayejikuna mchana na usiku, anayeamka usingizini kujikuna, anayeacha chakula ili ajikune kwanza, huyo mfikirie upele wa mbwa. Huo ndio ukurutu wenyewe. Unaletwa na kidudu kiitwacho Sarcoptes scabiei, cha jamii ya utitiri, ambacho jicho halikioni vizuri. Jike lake huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo humo anamopita. Toka yai hadi mdudu mzima ni kama wiki mbili hadi tatu. Mwasho wenyewe hautokani na kuchimba tu. Mwili wa mbwa unakasirishwa na mate na kinyesi cha wadudu hao, ndiyo maana mbwa mwenye wadudu wachache sana anaweza kujikuna mpaka akajitoa damu.

Upele una mahali unapopenda kuanzia: pembezoni mwa masikio, viwiko, visigino vya nyuma, chini ya kifua na tumboni, pale manyoya yalipo machache. Ngozi inakuwa nyekundu, inatoa magamba ya njano, kisha inakuwa nene na yenye mikunjo. Kuna jaribio dogo ninalopenda kumfundisha kila mwenye mbwa. Shika ncha ya sikio la mbwa, ikunje, uisugue kwa vidole sekunde chache. Mbwa mwenye upele mara nyingi ataanza kupiga mguu wa nyuma hewani, kama anajikuna, bila hiari yake. Siyo ushahidi wa mahakamani, lakini wengi wenye upele hufanya hivyo na wasio nao wengi hawafanyi.

Dalili nyingine iko kwa watu wa nyumbani. Mtoto anayembeba mbwa akipata vipele vinavyowasha mikononi, tumboni au kiunoni, uliza habari za mbwa. Kidudu cha mbwa huingia kwenye ngozi ya binadamu na kusumbua, ila hakiwezi kuendeleza kizazi humo, kwa hiyo mbwa akitibiwa mwasho wa mtoto huisha wenyewe ndani ya wiki chache. Watu wengi hupaka watoto dawa mwezi mzima na mbwa yuko mlangoni anajikuna.

Cha kuudhi ni kwamba upele hujificha hata kwa mtaalamu. Tunakwangua ngozi kwa wembe uliopunguzwa makali, tunaweka makapi kwenye kioo pamoja na tone la mafuta, tunatazama kwa hadubini. Ukimwona, ni duara lenye miguu mifupi linalotambaa taratibu, na mwenye mbwa akichungulia hapo hana tena haja ya kushawishiwa. Lakini mara nyingi tunakwangua sehemu tano, sita, na hatumpati, na mbwa anao. Kwa hiyo daktari akikuambia “sijamwona lakini nitamtibu kama mwenye upele,” hajabahatisha. Dalili zikiwa wazi, tiba yenyewe ndiyo kipimo.

Na atibiwe pamoja na wenzake wote. Ukimtibu mmoja kati ya watatu wanaolala banda moja umepoteza hela.

Viroboto ndio wanaofuata, na pengine ndio wengi zaidi kuliko upele. Mbwa mwenye mzio wa mate ya viroboto hahitaji viroboto mia. Wachache tu wanatosha kumnyonyoa. Kipara chake kinakaa nyuma: juu ya mkia, kiunoni, nyuma ya mapaja, sehemu anayoifikia kwa meno. Usipowaona wenyewe, tafuta kinyesi chao. Chana manyoya juu ya karatasi nyeupe au tishu iliyoloweshwa. Punje nyeusi zikitoa rangi ya kahawia nyekundu kwenye ule unyevu, hiyo ni damu ya mbwa wako iliyopita tumboni mwa kiroboto. Vumbi la kawaida halitoi rangi hiyo.

Kosa kubwa la viroboto ni kupigana nao juu ya mbwa peke yake. Wazima unaowaona ni sehemu ndogo. Mayai, funza na mabuu wako kwenye mchanga wa banda, kwenye gunia analolalia, kwenye nyufa za sakafu. Jike mmoja hutaga makumi ya mayai kwa siku, na mayai hayo hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka popote mbwa anapopita. Anika gunia juani au lichome, fagia banda, ondoa mchanga wa juu. Wenye kuku wana viroboto vya aina yao, vinavyojichomeka kwenye kope na pembe za masikio ya mbwa na kuganda hapo kama mbegu nyeusi. Hivyo havirukiruki, na watu huvichukulia kuwa uchafu. Dawa ni mbwa na banda la kuku kwa pamoja.

Kabla sijaondoka kwenye masikio: mbwa anayefungwa karibu na zizi la ng'ombe anaweza kunyonyoka ncha za masikio tu, zikiwa na ukoko mweusi wa damu. Hao ni nzi wanaouma. Upele hushika pembe yote ya sikio na viwiko pia. Nzi hawana habari na viwiko. Mhamishe mbwa, mpake vaselini masikioni, ondoa samadi iliyo karibu, na kidonda kitafunga.

Wapo pia mbwa wenye mzio wa vumbi, wa majani au wa chakula. Hawa huanza wakiwa vijana, hulamba nyayo, masikio huuma kila mara, na tatizo huenda likirudi. Kumgundua ni kazi ya subira: unaondoa kwanza viroboto na upele, kisha unamlisha kwa wiki 8 nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, kwa mfano sungura, pamoja na wali au viazi, bila kitu kingine hata kimoja. Akipona, mrudishie chakula cha zamani uone. Wengi wanashindwa hapa kwa sababu kuna mtoto anayemtupia kipande cha chapati kila jioni.

Asiyejikuna

Huku ndiko kunakokosewa zaidi, kwa sababu ngozi inaonekana mbaya lakini mbwa ametulia.

Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hadi sita mwenye kipara cha duara kuzunguka jicho au pembeni mwa mdomo, hajikuni, anacheza, anakula: mara nyingi huyo ana Demodex. Kidudu hiki kina umbo refu kama sigara na kinaishi ndani ya vishimo vya manyoya. Karibu kila mbwa anacho. Hukipata kwa mama yake siku chache za mwanzo anaponyonya, na kinga ya mwili huwazuia wasizidi. Kwa mtoto ambaye kinga yake haijakomaa wanazidi kidogo, manyoya yanadondoka sehemu moja au tatu, na wengi wao hupona wenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi miwili, mitatu. Hakiambukizi watu, wala mbwa wakubwa wenzake.

Nadhani hapa ndipo sifa ya oili chafu ilipozaliwa. Mtoto wa mbwa anapata kipara usoni, anapakwa oili, baada ya mwezi manyoya yamerudi, na mtaa mzima unashuhudia. Angepakwa maji ya mchele, angepona vilevile. Aliyepona huzungumzwa miaka kumi; aliyekufa huambiwa alikuwa amechelewa kupakwa.

Lakini si kila Demodex ni ya kungojea. Ikienea mwili mzima, ngozi ikawa ya kijivu na yenye mafuta, nyayo zikavimba, usaha ukatoka, huo ni ugonjwa mzito unaotibiwa miezi, na hatusimamishi dawa kwa sababu mbwa anapendeza. Tunasimamisha pale makwangua mawili, yaliyopishana mwezi mmoja, yanapokosa wadudu. Mbwa wa aina hiyo asizalishwe, kwa kuwa udhaifu ule wa kinga hurithiwa. Ninajua mbwa chotara wanauzwa ghali na mwenye jike anategemea watoto wake. Hata hivyo asizalishwe. Na ikimwanza mbwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nayo, tafuta kilichoshusha kinga yake, pamoja na sindano alizowahi kuchomwa.

Choa ni fangasi, ndugu wa mapunye tunayoyaona vichwani mwa watoto wa shule. Kwa mbwa anayeongoza ni Microsporum canis. Kipara ni cha duara, pembeni kuna magamba, manyoya yamekatika karibu na ngozi, mwasho ni mdogo au haupo. Huu unaambukiza watu, watoto hasa, na paka aliye mzima wa kutazama anaweza kuwa ndiye mwenye kuusambaza. Kuna taa maalumu inayoufanya uwake kijani, ila si kila choa huwaka. Kipimo cha uhakika ni kuotesha manyoya maabara, na majibu huweza kuchukua wiki mbili, tatu. Ukitibu choa kwa dawa ya wadudu, hakitakufa. Ukikitibu kwa sindano ya kuzuia mwasho, kitasambaa.

Kisha kuna homoni. Vipara vinavyofanana kushoto na kulia, kana kwamba mtu amevipima kwa kamba, kwa mbwa wa makamo asiyejikuna, ni ishara ya ndani ya mwili. Tezi ya shingoni, thairoidi, ikizembea, mbwa ananenepa bila kula zaidi, anatafuta jua, anakuwa mvivu, mkia unabaki mtupu kama wa panya. Tiba ni kidonge cha levothairoksini maisha yake yote, na hubadilika kabisa. Tezi za juu ya figo zikizidisha kazi, mbwa anakunywa maji bila kikomo, anakojoa ovyo, tumbo linaning'inia, ngozi inakuwa nyembamba kiasi cha kuona mishipa. Hali hiyohiyo hutengenezwa na binadamu, kwa kumchoma mbwa deksamethasoni, ile sindano ya kuzuia mwasho, kila anapojikuna. Na dume ambaye korodani moja haikushuka, akinyonyoka manyoya na chuchu zikaanza kukua, apelekwe kwa daktari haraka, maana korodani iliyobaki tumboni hupenda kugeuka uvimbe.

Chakula. Manyoya ni protini karibu yote, na ngozi na manyoya hutumia robo hivi ya protini anayohitaji mbwa kila siku. Mbwa wa ugali mkavu na maji ya mboga hana cha kujengea. Tena nafaka nyingi bila nyama hufunga madini ya zinki tumboni yasifyonzwe, na watoto wanaokua haraka hutoka magamba mazito kuzunguka macho na mdomo. Hakuna haja ya chakula cha mfuko cha bei mbaya. Dagaa waliosagwa ndani ya ugali, utumbo uliopikwa, damu ya machinjioni iliyochemshwa, yai lililoiva na kijiko cha mafuta ya kupikia hubadilisha manyoya ndani ya miezi miwili. Yai liive, ute mbichi ukitolewa kila siku hufunga vitamini ya biotini, ambayo nayo ni ya ngozi.

Mengine nayataja kwa haraka. Viwiko vipara vyenye ngozi ngumu kwa mbwa mzito ni sakafu ya saruji. Mpe gunia au kitanda cha mbao. Shingo iliyonyonyoka kwa duara ni mnyororo. Mbwa wa rangi ya kijivu cha bluu, mtindo wa siku hizi, wengine huzaliwa na manyoya dhaifu na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Dawa, na zile zinazoitwa dawa

Oili chafu ina mabaki ya moshi wa injini na madini mazito yaliyokwanguliwa na vyuma. Hupita kwenye ngozi iliyochubuka, na kinachobaki juu mbwa anakilamba. Akitapika, mafuta huingia mapafuni. Ini na figo huumia. Ni kweli inalainisha ukoko na inaweza kuziba pumzi ya wadudu wa juu, ndiyo maana kuna siku inaonekana kufaa. Petroli, mafuta ya taa, dawa ya mende na maji ya betri viko kundi hilohilo. Kama hakuna hela kabisa na daktari yuko mbali, sabuni ya salfa haitamaliza upele mkali lakini haitamuua mbwa, na hata mtoto mdogo wa mbwa anaivumilia.

Aivamektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi, ni nzuri sana. Waliogundua familia yake, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tatizo letu ni chupa. Ile inayouzwa duka la mifugo imepimwa kwa ng'ombe, mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Mbwa wa kilo 12 kwa kipimo hichohicho angehitaji kama robo ya mililita. Anayevuta sindano kwa macho hawezi kuiona robo hiyo. Nimekuta mbwa waliochomwa mililita 2 “ili ifanye kazi haraka.” Zaidi ya hapo, mbwa aina ya Collie, jamaa zao wachungaji na baadhi ya German Shepherd wana kasoro ya kurithi, iliyotambuliwa mwaka 2001, inayoruhusu dawa hii kuingia ubongoni. Kwao hata kipimo kidogo huleta kutetemeka, upofu, kupoteza fahamu na kifo. Chotara wa German Shepherd wamejaa mijini, na hujui amerithi nini. Dawa hii ichomwe na daktari aliyempima uzito mbwa kwa mizani.

Amitrazi, ile ya kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe, nayo hutumika kwa mbwa. Ile ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, mbwa anaogeshwa kwanza kwa sabuni, anakaushwa, anamwagiwa dawa bila kusuuzwa, mahali penye hewa, nawe umevaa glavu. Humlegeza na kupandisha sukari kwenye damu, kwa hiyo si ya mbwa mwenye kisukari, si ya mtoto chini ya miezi minne, na mtu mwenye kisukari asiwe yeye wa kuogesha. Mbwa asilambe mpaka akauke. Usichanganye na dawa nyingine ya kupe siku hiyo, na soma kibandiko, maana kuna dawa za josho za aina tofauti kabisa kwenye chupa zinazofanana. Zile za jamii ya paremethrini huua paka, hata paka anayelala tu ubavuni mwa mbwa aliyeogeshwa.

Tangu miaka ya 2013 na 2014 kuna vidonge vya kutafuna vya jamii ya aisoksazolini, kama fluralana na afoksolana, vinavyoua viroboto, kupe, upele na hata Demodex. Kwa macho yangu hakuna kilichobadilisha kazi hii kama hivyo. Demodex iliyokuwa ikitibiwa kwa maogesho ya miezi sita sasa inatulia kwa vidonge vichache. Ni ghali, na mbwa mwenye kifafa anapaswa kujadiliwa na daktari kwanza, maana mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa baadhi ya mbwa hupata degedege. Lakini weka bei ya kidonge kimoja kando ya sindano sita na nauli sita, upige hesabu.

Sindano ya kuzuia mwasho ndiyo inayopendwa kuliko zote, kwa sababu kesho yake mbwa analala. Ina nafasi yake kwenye mzio. Kwenye upele, choa na Demodex inamfunga mlinzi mikono na kuwaachia wezi nyumba. Daktari akitaka kuichoma kabla hajakwangua ngozi, muulize kwa heshima kwa nini. Ni haki yako.

Na karibu kila ngozi iliyokunwa muda mrefu ina bakteria juu yake: vipele vya usaha, viduara vyenye magamba pembeni, harufu nzito. Hiyo hutibiwa pamoja na chanzo. Ukitibu wadudu ukaacha usaha, mbwa ataendelea kujikuna na wewe utasema dawa ni feki.

Kuna jambo la kwetu linalochelewesha mengi. Mbwa wengi ni walinzi. Hufunguliwa usiku, mchana wako bandani, na kwenye familia nyingi, za pwani hasa, hakuna anayewagusa kwa sababu za dini. Siwalaumu. Lakini ukurutu unaonekana pale tu mbwa anapokuwa nusu mtupu. Mpe mtu mmoja kazi ya kumtazama mara moja kwa wiki kwenye mwanga: masikio, viwiko, tumbo, juu ya mkia. Kutazama hakuhitaji kugusa. Na siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, ambazo maeneo mengi huziandaa karibu na 28 Septemba, mlete hata kama manyoya yamemtoka na unaona aibu. Wataalamu wako hapo hapo, na mbwa mwenye vipara ndiye anayepigwa mawe kwa kudhaniwa ana kichaa.

Popi alikaa kwangu siku tano. Siku ya tatu alikunywa uji wa dagaa, kidogo, akatazama kama kuna mwingine. Hatukumpa dawa yoyote ya ngozi. Mama alirudi naye miezi minne baadaye kwa ajili ya chanjo, wakitembea, bila tenga, na ilinibidi niangalie alama nyeupe ya kifuani ili niwe na hakika ni yeye. Kwenye ubavu uliokuwa mtupu manyoya mapya yalikuwa mafupi kuliko mengine, rangi ileile ya majani makavu, na nilipoyavuta kwa vidole viwili hayakutoka.